Mtoto Anasubiri Jina

Kambi ya Yarrabin, milimani
New South Wales
11 Machi 1952

Dada Trude,

Nimefika, ni mzima, sijaugua wala sijaoa. Usianze kulia kabla hujamaliza kusoma.

Ulitaka kujua kama nimepewa ofisi. Nimepewa beleshi. Cheti changu cha chuo cha Manchester walikitazama, wakasifu karatasi yake, wakanirudishia. Mgeni anafanya kwanza kazi ya mikono miaka miwili ndipo asikilizwe, awe injinia au kinyozi. Kwa hiyo nachimba. Mlima huu tunautoboa tumbo, mto upite ndani kwa ndani ukatokee upande wa pili, kwenye mitambo ya umeme. Nikiwa mle na taa yangu kofiani napata raha ambayo sijui nikuelezeje. Mtu akipewa kazi ya kuhamisha mto, hata kwa beleshi, hawezi kununa sana.

Nyapara wetu ni Mwaustralia anaitwa Clarrie, mrefu, mwekundu usoni, anatukana watu wote sawasawa bila ubaguzi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Egon? Hilo ni jina au ugonjwa?" Sasa ananiita Chaki. Zamu yetu ina watu wa mataifa yote, hakuna wawili wanaoelewana vizuri, na Clarrie akitoa amri kila mtu anafanya lake. Juzi boriti ilikuwa inawekwa kombo, mawe yakaanza kudondoka, kila mtu anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Nikaokota kipande cha chaki nikachora kwenye mwamba wenyewe: boriti hapa, wewe hapa, mawe yanaangukia pale. Wakaelewa wote. Clarrie akautazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, "Ala! Kumbe akili unazo. Ulikuwa umezificha wapi?"

Chakula ni kondoo. Asubuhi kondoo, mchana kondoo, jioni ni yule yule wa asubuhi ametiwa mchuzi.

Sasa la maana. Njoo, Dada. Melbourne kuna viwanda vya kofia, nimeulizia. Kuna jua. Na pale Carlton, mjini humo humo, kuna Wayahudi wenzetu mtaa mzima, wanauza mkate mweusi na samaki wa chumvi, wanagombana kwa Kiyidi dirisha kwa dirisha. Ulinishika mkono tangu nina miaka tisa. Ukashona kofia ili mimi nisome. Niache na mimi nikufanyie kitu.

Mdogo wako,
Egon


Manchester
2 Aprili 1952

Egon mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Nimemsomea na mwenye nyumba wangu, Bi Entwistle, nikimtafsiria. Nilipofika kwenye chaki akaweka kikombe chini akasema, "Ndiye yule yule!" Unakumbuka mwaka ule wa kwanza Bolton, kwa wale Wamethodisti waliokupokea? Ulibanwa na haja, Kiingereza huna, ukamchorea mama wa nyumba choo. Ukachora na mlango wake, na bawaba zake, na mnyororo wa kuvutia maji. Yule mama akadhani unataka kumjengea kingine. Kumbe ulikuwa umeshaanza kazi!

Najivunia wewe. Naandika hivyo hivyo kwa sababu karatasi haina macho ya kunitazama nikiona haya. Kiwandani nimewatangazia kwamba mdogo wangu anahamisha mto. Hilda wa meza ya mvuke akauliza, "Kwani mto pale ulipokuwa ulimkosea nini?" Nikamwambia aendelee na kofia zake.

Kuhusu kuja, sasa hivi siwezi. Msimu wa kofia za harusi unaanza. Paka wa Bi Entwistle amenizoea mimi tu. Halafu ngozi yangu hii na jua lenu, nitageuka kamba wa kuchemsha. Na usicheke: yule Bwana Salomon wa duka la vitambaa ameniposa. Nimemkataa. Anataka kuhamia Leeds, na Leeds kuna moshi.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Trude


Melbourne
21 Februari 1954

Dada Trude,

Leeds kuna moshi! Na Manchester kuna nini, marashi? Tangu uliponiandikia neno lile nacheka kila nikikumbuka.

Sasa kaa. Umekaa? Nimefaulu. Mitihani yao yote nimeifanya upya, na kuanzia mwezi ujao mimi ni injinia wa handaki la pili pale Yarrabin. Ningependa kukuambia jina langu limeandikwa mlangoni, lakini ofisi ni hema. Clarrie alipopata habari alivua kofia akainama mbele ya zamu nzima: "Mheshimiwa Chaki! Sasa utatuchorea umekaa?" Nikamwambia nitachora nimesimama mle mle ndani, na ndivyo nitakavyofanya. Mchoro wa ofisini una mistari mingi mno kwa mtu anayedondokewa na maji shingoni.

La pili: nimepata mchumba. Anaitwa Fay Zeltner, mwalimu wa hesabu, baba yake ana duka la mikate hapo Carlton. Amezaliwa hapa hapa, kwa hiyo haogopi polisi wala mtu akigonga mlango. Anaendesha gari kama anayefukuzwa. Utampenda.

Harusi ni Agosti. Njoo. Usiniambie msimu wa kofia, na usiniambie paka.

Egon


Manchester
9 Machi 1954

Injinia Rosner, mheshimiwa,

Nimepiga kelele kiwandani hadi msimamizi akadhani nimeungua na mvuke. Injinia! Na uliingia nchi hii ukiwa na begi moja na viatu vya binamu vinavyokutoka miguuni! Nimekwenda hadi dukani kwa Bwana Salomon kumwambia, ingawa hatusemeshani. Akatoa chupa. Tumekunywa kwa ajili yako, mimi na mwanamume niliyemkataa, tumesimama katikati ya majora ya vitambaa.

Fay namshonea kofia ya harusi kwa mikono yangu. Niletee vipimo vya kichwa, na usikadirie kwa macho.

Mimi sitaweza kuja. Paka amekufa, kwa hiyo siwezi kumsingizia tena. Lakini Bi Entwistle magoti yanamsumbua, ngazi hazipandi.

Nimewaandikia tena kuhusu Mama wale wa ofisi ya kutafuta watu waliopotea vitani. Wamejibu kwa upole kama kawaida: Rosner, Regine, alichukuliwa Vienna akapelekwa mashariki mwaka 1942, habari zaidi hazipo. Hazipo, maana yake bado hazijawafikia.

Dada yako anayekupenda,
Trude


Carlton, Melbourne
17 Julai 1955

Dada Trude,

Karibu mwaka mzima umepita tangu harusi na bado watu hapa wanaizungumzia ile kofia. Wewe hukuwepo. Mama mkwe alikuwekea kiti, hakuruhusu mtu akikalie, hata rabi.

Nakuuliza wazi, maana nimechoka kujiuliza peke yangu. Ni Fay? Ni hawa wakwe zangu, kwamba wanaongea Kiyidi cha vijijini na kulamba vidole mezani, na sisi tulikuwa watu wa Vienna wenye piano sebuleni? Kama ni hivyo niambie nijue. Nimekuita miaka mitatu, na kila mara unanijibu kwa mzaha.

Hata hivyo nina habari ya kukufurahisha. Fay ana mimba, mtoto atakuja Oktoba. Tumekwisha kukubaliana: akiwa wa kike ataitwa Regine, jina la Mama. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Nadhani utafurahi kuliko sisi sote.

Egon


Manchester
1 Agosti 1955

Egon,

Leo sina salamu.

Watu wetu hawampi mtoto jina la mtu aliye hai. Hilo hata Wamethodisti wa Bolton hawakukusahaulisha, nakujua. Kwa hiyo umeshamzika. Umekaa na mkeo mezani, mkanywa chai, mkamzika mama yangu, halafu unaniandikia kwamba nitafurahi. Nani amekuambia? Umeona cheti? Umeona kaburi? Kuna mtu amekuja akasema nilikuwepo, nilimwona?

Unaniuliza kwa nini siji. Haya, nisikilize. Mama anaijua anwani moja tu katika dunia nzima, nayo ni ya nyumba hii ya Bi Entwistle, Mtaa wa Heywood. Hapa ndipo ilipofika kadi yake ya mwisho. Wanaume waliotekwa vitani bado wanarudi kutoka Urusi hata mwaka huu, magazeti yanaandika, watu ambao wake zao walikwisha kukata tamaa. Kama yuko hospitali fulani huko, kama amesahau kila kitu, kitu atakachokumbuka ni mahali walipo watoto wake. Nikihama, ataandika barua imfikie nani? Ndiyo maana sikumtaka Salomon. Leeds haina moshi kuliko hapa. Ndiyo maana sikuja harusini kwako. Safari ya meli ni wiki nyingi, na barua ingeweza kufika nikiwa baharini.

Kwa Fay sina neno. Mwambie nampenda, na asinyanyue vitu vizito.

Mpeni mtoto jina lolote mnalotaka. Hilo msiliguse.

Trude


Carlton
14 Novemba 1955

Wifi yangu Trude,

Mimi ni Fay. Hatujaonana, lakini kofia yako imekaa kichwani kwangu, kwa hiyo tusiwe wageni. Mume wangu hajui kama nakuandikia. Amekuandikia mara tatu hukumjibu, na sasa amerudi kambini anajifanya ana kazi nyingi.

Mtoto amezaliwa Oktoba ishirini. Ni msichana, mzima, ana kipara na kelele za ajabu, kwa hiyo tunamwita Bosi. Tunamwita Bosi kwa sababu hana jina jingine. Wiki ya nne sasa. Egon amekataa. Sabato ya kwanza baba yangu alimnunulia Egon suti ya kwenda sinagogi kumtangaza mtoto, hakwenda. Ya pili, hakwenda. Mama yangu amelia, amepiga meza, amesema, "Hata mbuzi wetu kule Bialystok walikuwa na majina!" Majirani wanatuuliza mtoto anaitwa nani, nasema Bosi, wanacheka wakidhani natania.

Nilimwambia Egon tumpe jina la bibi yangu, tumalize maneno. Akaniambia, "Hapana. Nikimpa jina jingine nitakuwa nimemwambia Trude kwamba nimekasirika. Nikimpa la Mama nitakuwa nimemwambia hana haki ya kusubiri. Mtoto atakaa hivyo hivyo." Mama yangu akaingilia, unawajua akina mama, akamwuliza mpaka lini. Egon, ambaye hajawahi kumpandishia sauti, akasema, "Mama, siku ile tulipopakiwa treni peke yetu kule Vienna dada yangu alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka Uingereza, hata chooni alinisubiri mlangoni. Akisema mama yetu yu hai, basi katika nyumba hii yu hai." Mama akachukua kikombe chake akaenda jikoni. Wifi, katika maisha yangu sijawahi kumwona mama yangu akiacha ubishi katikati.

Sasa nitasema kitu ambacho pengine hutanisamehe. Egon anajua tangu ana miaka kumi na mitano. Vita vilipokwisha, pale Bolton walimpeleka kuangalia sinema, na kabla ya sinema wakaonyesha zile picha za kambi za mauaji za Wanazi. Alitoka nje akatapika kando ya baiskeli za watu. Tangu siku ile anajua. Na hajamsomea mama yake Kadishi hata mara moja, miaka kumi sasa, yeye mwana pekee wa kiume ambaye ni haki yake na wajibu wake kuisoma sala ya wafiwa. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Siwezi kufiwa kabla ya Trude."

Mimi nimezaliwa hapa, sijapoteza mtu, sina haki ya kukufundisha chochote. Kila mtu kule mlimani anamsifu Egon kwa handaki lake. Limetoboka mwezi uliopita, pande mbili zikakutana katikati ya mlima bila kukosana hata upana wa kiganja, wakambeba begani. Mimi namsifu kwa hili.

Msajili wa vizazi naye ana ukomo wake, ni mwisho wa mwaka. Sikusukumi. Ila nimeona shangazi wa mtoto ajue.

Wifi yako,
Fay


Manchester
1 Desemba 1955

Egon na Fay,

Nawaandikia wote wawili, msigombane nani aifungue.

Barua ya Fay nimekaa nayo siku kadhaa bila kumwambia mtu. Halafu nikaenda kwa rabi wa hapa, ambaye kwa kawaida namkwepa kwa sababu anataka kuniozesha. Nikamwuliza mtu asiyejulikana siku yake anafanyiwaje. Akasema nichague siku, mimi au ndugu yangu, na siku hiyo itakuwa yake daima. Akaanza kunitajia. Akauliza, vipi siku mliyoagana? Nikamkatalia papo hapo. Siku ile Mama alikuwa hai kuliko mtu yeyote pale stesheni, alikuwa anakimbia kandokando ya treni akitupigia kelele tusikae penye upepo. Siku hiyo siitoi.

Basi kuna ile siku ya mfungo wa baridi, mwezi wa Teveti wa kalenda yetu, tarehe kumi, ambayo siku hizi wanawasomea wote wasiojulikana siku waliyokufa. Nimeichukua hiyo. Sikutaka awe peke yake.

Egon, nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza ukiwa na miaka tisa. Ulijua miaka kumi yote, ukanyamaza, ukaniacha nisubiri kwa amani yangu, ukachekea paka na moshi wa Leeds. Na mimi nilidhani ndiye ninayekulinda. Sijui tulimtoa wapi mtu kama wewe. Nimelia, ndiyo, na Bi Entwistle amelia, na hata hajui ni kwa nini.

Masharti yangu ni haya. Kwanza usome Kadishi, kwa wanaume kumi kama inavyotakiwa, si wewe peke yako nyuma ya hema. Mimi hata ningekuwepo nisingehesabiwa katika hao kumi, mwanamke mimi, lakini nitakuwa nimesimama hapa saa hiyo hiyo na watake wasitake nitahesabika. Baada ya hapo, Sabato inayofuata, mtangaze mtoto. Siku moja msifanye yote mawili. Mama aombolezwe kwanza, ndipo mtoto aitwe.

Trude


Kambi ya Yarrabin
26 Desemba 1955

Dada,

Tumesoma.

Uliichagua siku bila kutazama kalenda ya wengine. Mwaka huu Teveti kumi imeangukia Krismasi. Na mimi kila Krismasi nabaki zamu mlimani, pampu za handaki haziwezi kuachwa, na nimejizoesha kujitolea ili Wakristo waende kwa wake zao. Kwa hiyo nilikuwa huku, si Carlton ambako wanaume kumi unawapata kwenye foleni ya mkate. Huku nilijua Wayahudi wanne, pamoja na mimi. Nikafikiria kuiacha. Halafu nikakumbuka umesema nyuma ya hema hapana.

Asubuhi nikasimama bwaloni wakati wa chai. Watu walikuwa wachache, wale wa zamu tu. Nikasema kwa sauti, "Jamani, mama yangu amefariki vitani. Saa sita mchana nataka kumsomea sala. Nahitaji wanaume Wayahudi kumi. Nawajua wanne." Nikakaa chini na masikio yanawaka moto.

Kisha dirisha la jikoni likafunguka, akatoka mpishi, Lajos, yule Mhungari anayetupa kondoo siku zote, ambaye makaratasi yake yanasema Mkatoliki. Ameshika upawa. Akaanza kupita meza kwa meza akiwanyooshea watu upawa na kuhesabu: "Si mmoja. Si wawili. Si watatu." Dada! Unakumbuka Babu alivyokuwa akihesabu watu hivyo hivyo sinagogini, kwa sababu sisi hatuhesabu watu moja kwa moja? Hakuna Mkatoliki duniani anayehesabu hivyo! Watu wakaanza kucheka, na kila aliyecheka akawa amejitaja, maana Myahudi tu ndiye angeelewa. Fundi wa kompresa, Zygmunt, anavaa msalaba shingoni tangu nimjue. Akasimama. Akaniambia, "Na mimi naweza kuhesabiwa?" Msalaba hakuuvua, aliuingiza ndani ya shati, alipewa na mwanamke aliyemficha ghalani wakati wa vita na ameapa hatauvua. Nikamwambia ukae hapo hapo ulipo.

Walifika kumi na mmoja. Karibu zamu yote iliyobaki Krismasi. Miaka yote hii nilijiona mimi ndiye mwema pekee ninayewaachia Wakristo likizo, kumbe kila mmoja wao alikuwa anafanya hivyo hivyo, kwa sababu hiyo hiyo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Clarrie naye alikuwepo, yeye hubaki kila mwaka kwa kumkimbia mama mkwe. Akatutazama tumejikusanya, akasema, "Subirini kwanza. Ninyi nyote? Miaka yote nawaandika zamu ya Krismasi nikidhani mna roho nzuri!" Kisha akavua kofia yake, safari hii si kwa mzaha. "Nendeni mkamsomee mama wa Chaki. Pampu nitazitazama mimi. Na asiyejua maneno akae kimya, asinitie aibu."

Tukaenda handakini, penye ule mkutano wa pande mbili, maana bwalo limejaa mapambo ya Krismasi. Nilianza kusoma, nikakwama neno la tatu. Lajos akanitajia. Nikakwama tena, akanitajia mwingine nyuma. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, na wao wakijibu amina, na mwamba unarudisha. Halafu, Dada, hakuna aliyeondoka. Zygmunt akauliza kama na yeye anaweza kuwasomea wa kwake. Nikamwambia asome. Baada yake mwingine. Tulikuwa mle mpaka Clarrie akaja kuulizia kama tumefukiwa.

Nimekuwa injinia wa handaki lile na sikujua nilikuwa namjengea nani. Sasa najua, na sioni haya kuandika kwamba nililia mbele ya watu ninaowaamrisha.

Jumamosi tutakuwa sinagogini Carlton. Nitamtaja mtoto kwa jina kamili, kwa sauti.

Mdogo wako,
Egon


Manchester
9 Januari 1956

Egon, Fay, na Bosi ambaye sasa si Bosi,

Nimeshakata tiketi. Meli inaondoka Machi. Bi Entwistle anahamia kwa mpwa wake, na Bwana Salomon, ambaye bado hajahamia Leeds, ananibebea sanduku mpaka bandarini na hajaacha kunung'unika. Nimemwambia Melbourne wanavaa kofia, na kofia zinataka vitambaa. Tangu juzi anahesabu majora yake, nadhani anawaza.

Nimeuaga mlango wa Heywood kwa adabu. Sina la zaidi kuhusu hilo.

Ila nina jambo moja, na nalisema mapema ili tusije tukakosana nikifika. Msimfupishie mtoto jina. Sitaki kusikia Reggie, sitaki Gina, sitaki yale mambo ya Waaustralia ya kukata majina ya watu katikati. Clarrie mwambieni hivyo hivyo. Nimegundua kitu wiki hii, nikiwa naosha vyombo. Mama sikuwahi kumwita jina lake. Nani anamwita mama yake jina? Tulimwita Mama tu. Jina lake nimelitamka kwa makarani, dirishani, nikiwatajia herufi moja moja, na wote walinijibu habari hazipo. Miaka kumi na sita tangu treni ile, Egon. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia.

Kwa hiyo niachieni mimi. Nataka nilizoee mdomoni. Nataka nisimame uani kwenu, kwenye hilo jua lenu baya, niite kwa sauti kubwa hadi Carlton nzima watuchoke: Regine, shuka huko juu! Regine, vaa viatu! Regine, mara ngapi nimekuita, njoo ule!

Shangazi yake,
Trude